Utepe wa Varanda

Huko Kaptulwon chai imepandwa hadi ukutani pa choo, lakini kuna mtu mmoja anayeuza kahawa, naye ni Gekara. Alikuja kutoka Kisii na birika lake la bati na jiko la makaa, watu wakamcheka, kisha wakaonja, na tangu siku hiyo jina lake likawa Brazil. Benchi lake ni ubao mrefu ulioopolewa kwenye tope, ukawekwa juu ya mawe pale kwenye kona ambapo barabara ya Kimulot inaachana na ile ya kiwanda cha chai. Hapo ndipo kijiweni. Ukikaa hapo, upende usipende, macho yako yanavuka barabara moja kwa moja hadi Varanda, mtaa wa zamani kuliko yote: maduka ya mawe safu mbili zinazotazamana, baraza ndefu zenye nguzo za mbao, milango ya kijani, mabati mapya. Kila kitu kimejengwa upya, kimepakwa rangi, kimefagiliwa. Na pale mtaa unapoanzia, kutoka nguzo ya kushoto hadi nguzo ya kulia, umefungwa utepe mwekundu. Ulikuwepo mahindi yalipochanua, ukawepo yalipovunwa yakaliwa, na sasa watu walikuwa wanapalilia mengine.

Jumamosi hiyo Obiero alikuja kijiweni na begi. Ndani mlikuwa na mashine zake za kunyolea, kioo alichokizungushia shuka, vitana, brashi na koti la kuendea kanisani. Akalisukuma begi chini ya benchi kwa kisigino kama mtu anayeficha kuku wa jirani, akaomba kahawa. Hakuwa amemwambia mtu. Binamu yake Owiti alikuwa amemwekea kiti kwenye duka lake la kinyozi kule Kaplong, karibu na hospitali, na alisema wazi kwamba kama Obiero hatafika jioni hiyo, Jumatatu kiti kitapata mwenyewe. Sasa angefanya nini? Tangu mlima uporomoke ukaifagia Varanda ya zamani, alikuwa akinyolea watu chini ya turubai kando ya barabara. Turubai lilikuwa limetoboka, masika yalikuwa yameingia, na hakuna mwanamume anayependa kunyolewa huku tone la maji baridi likimshuka mgongoni. Duka lake lilikuwa pale ng'ambo, hatua chache tu. Ufunguo alikuwa nao, umening'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Lakini utepe ni utepe, na Kaptulwon nzima ilijua kwamba utepe hukatwa na Mkubwa.

— Wamesema anakuja wiki ijayo, alisema Mzee Kipngetich.

Mzee huyu alikuwa karani wa kupima majani ya chai hadi alipostaafu, na jina lake la kijiweni ni Ponasi, kwa sababu ndivyo anavyoitamka bonasi ya chai, na hakuna mazungumzo duniani ambayo yeye hayafikishi huko.

— Nani amesema? aliuliza Dorcus.

— Wamesema.

— Hao wamesema ndio walisema Pasaka. Tukafagia mtaa, watoto wakafundishwa wimbo, mbuzi akachinjwa. Mkubwa akakuja?

— Hakukuja.

— Na nani alikula mbuzi?

— Sisi, alisema Gekara akiongeza makaa.

— Basi angalau mbuzi hakufa bure, alisema Dorcus, akaketi.

Dorcus, mama yake Maxine, huuza mitumba. Wanamwita Spika, maana kijiweni hakuna anayeongea kabla yeye hajampa nafasi, na akisimama kuondoka, kikao kimekwisha.

— Nyinyi hamjui serikali, Kipngetich aliendelea. Kitu ikifunguliwa mapema, watu wanasahau nani alifungua. Mkubwa anangoja kura ikaribie. Ndiyo wazee wa zamani walisema, haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani hapo, mzee? alidakia Kiplimo. Sisi tunangoja mpaka nyasi inaota kwa mlango.

— Haraka ya mlima. Mlima ilifanya haraka, na uliona baraka gani?

Kiplimo akarudi kwenye kikombe chake. Yeye ni kijana wa bodaboda, pikipiki yake huisimamisha pale pale kijiweni, akipigiwa simu na abiria anasema yuko njiani, kisha anaomba kikombe kingine.

— Mimi nawaambia ukweli, alisema Dorcus, akashusha sauti, na benchi zima likamwinamia. Shida si kura. Shida ni makasi.

— Makasi?

— Mwaka jana alienda kufungua soko huko upande wa Ndanai. Watu wamejaa, kwaya inaimba. Akapewa makasi kwa kitambaa cheupe. Akakata, utepe ukajikunja. Akakata tena, ukajikunja tena. Wamama wakaanza kucheka chinichini. Mwishowe mtu mzima akaukata kwa meno.

— Kwa meno! alisema Gekara.

— Kwa meno, mbele ya askofu. Tangu siku hiyo akiona utepe anaumwa tumbo. Si ndiyo wanasema mchimba kisima hufa kiu?

— Hiyo methali inaingilia wapi, Mama Maxine? aliuliza Obiero.

— Inaingilia kwa meno, alisema Dorcus. Kunywa kahawa.

Obiero akanywa. Kwa kawaida hapo ndipo yeye angemwaga uongo wake, na ungekuwa uongo mzuri, maana kinyozi anayenyamaza hana wateja. Lakini leo macho yake yalikuwa ng'ambo. Alikuwa akitazama mlango wa tatu upande wa kushoto, mlango wake, na juu yake jiwe lililochongwa mwaka wa 1938, ambalo vijana wa kanisa walilifukua topeni wakaliosha kwa brashi za viatu. Baba yake Obiero alitoka ziwani akaja kuchuma chai, akachoka kuchuma, akaanza kunyoa watu chini ya jiwe lile. Obiero alijifunza kutembea kwenye baraza hiyo. Redio ya kwanza Kaptulwon ilisikika hapo, duka la Mhindi, watu wakisimama hadi barabarani. Picha ya kwanza ya harusi ilipigiwa hapo. Kila mtu mzima katika vilima vile aliwahi kujikinga mvua chini ya mabati yale, na mvua ya huko haimnyimi mtu nafasi.

— Sasa mimi niwaambie kitu, alisema Gekara. Lakini msinitaje.

— Tutakutaja wapi, Brazil? Sisi wote tuko hapa.

— Hizo nyumba si zetu.

— Ati nini?

— Nilimsikia kontrakta akiongea kwa simu, alikuwa amesimama hapo hapo unapoweka kiatu. Alisema, zile zingine ziko tayari. Zingine! Kwani hizi ni zingine za nani? Karatasi za ramani zilichanganyika. Hii Varanda ilikuwa ijengwe mahali pengine, na ya kwetu iko huko, imejengwa, watu wanashangaa. Tukiingia hapo sisi ni wezi.

— Na jiwe la 1938? aliuliza Kipngetich.

— Jiwe linaweza kubebwa.

— Na milango ya kijani? Varanda ilikuwa na milango ya kijani tangu siku za Mhindi. Mimi nilipokea ponasi yangu ya kwanza mbele ya hiyo milango.

— Mzee, kijani ni rangi ya kila mtu. Hata chai ni kijani.

— Wasee, ngojeni, alisema Kiplimo, akasimama kabisa. Nyinyi mnabebwa na story ya makasi na ramani na hamuoni kitu iko mbele ya macho. Huo utepe si kitambaa.

— Ni nini?

— Ndani iko na waya. Waya imeunganishwa na kamera, kamera iko Nairobi. Kuna jamaa amekaa kwa ofisi na skrini, kazi yake ni Varanda pekee. Ukigusa tu, anakuona mpaka kitambulisho. Mnakumbuka ile siku mbuzi alitafuna huo utepe?

— Nakumbuka, nilimfukuza kwa kiatu, alisema Kipngetich.

— Hiyo siku stima ilipotea mpaka Kimulot. Kwani hiyo ni bahati? Wazee walijua hii maneno kitambo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ni gani hapo? Ni utepe!

Dorcus alimtazama kwa huruma.

— Kiplimo, mwanangu. Ule utepe ulioliwa na mbuzi niliondoa mimi. Nikaenda kwa mzigo wangu wa mitumba, nikakata kanga nyekundu, nikashona, nikafunga kwa hii mikono. Na kabla ya huo wa mbuzi, wa kwanza ulipauka na jua, nikabadilisha pia. Waya ilitoka wapi?

— Sasa ndiyo hiyo, Mama Maxine. Waya ilihamia kwa mpya. Teknolojia.

Benchi likacheka hadi kahawa ya Gekara ikamwagika kidogo. Obiero naye akacheka, akasahau begi kwa muda. Kipngetich peke yake hakucheka. Alikuwa amefumba macho, na waliomjua walijua kwamba kuna jambo linapanda.

— Mkubwa alishafungua, alisema.

— Alifungua nini?

— Varanda. Alishafungua zamani. Kwa televisheni. Wamejenga Varanda ingine Nairobi, ya mbao na makaratasi, na watu wamekodiwa wakae kama sisi. Kuna mtu anakaa kama mimi. Kuna mama anauza mitumba. Akakata utepe huko, akapigiwa makofi, akaenda nyumbani. Sisi tunangoja kitu ilishapita.

— Na kinyozi yuko? aliuliza Obiero kabla hajajizuia.

— Yuko.

— Ananyoa?

— Ananyoa sana, alisema Kipngetich. Foleni iko mpaka nje.

Ilikuwa mzaha tu, na Mzee hakuwa na ubaya wowote. Lakini neno hilo lilimchoma Obiero mahali pabaya. Akainama kukiweka kikombe chini, na alipoinama kisigino chake kikagonga begi, na kioo kikalia ndani ya shuka.

Dorcus ana masikio.

— Baba Aluoch. Hilo begi ni la nini?

— La nguo.

— Nguo zinalia hivyo?

Obiero alitazama kila upande, hakuona pa kukimbilia. Akasema.

— Naenda Kaplong. Owiti ameniwekea kiti. Gari ya jioni.

— Unaenda kumsaidia wiki moja?

— Naenda tu, Mama Maxine. Nitaagiza vitu vingine baadaye.

Watu walioweza kujibu kila swali la serikali, la makasi na la kamera, wote walilitazama begi. Gekara akashika kifuniko cha birika akakisahau mkononi. Kiplimo akakaa chini polepole.

— Sasa mimi nitanyolewa na nani? aliuliza Kiplimo, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

— Hata mimi, alisema Kipngetich, akavua kofia, akapapasa upara wake.

— Nisikilizeni, alisema Obiero. Mimi sitaki kuenda. Lakini turubai imekwisha. Mtoto wangu Aluoch yuko shule. Nitangoja Mkubwa mpaka lini? Mwaka ujao nitakuwa bado nimekaa hapa na ufunguo shingoni kama ng'ombe wa kengele.

Dorcus alipojibu hakuwa na sauti ya Spika.

— Jonah alituacha bila kuaga. Yeye hakuwa na namna. Wewe ulikuwa na namna, na ulitaka kutuacha na begi chini ya benchi.

Hapo Obiero alitazama kahawa. Jonah alikuwa fundi wa viatu, na kwa miaka mingi walikaa pamoja barazani, Obiero ndani ya mlango na Jonah nje yake, wakibishana kupitia dirishani. Jumapili ile ya mvua watu wengi walikuwa kanisani, na ndiyo sababu Kaptulwon ina watu leo. Jonah alibaki amalizie viatu vya kwaya. Mlima ulishuka na miti yake na mawe yake, ukapita katikati ya Varanda, ukaingia mtoni, na wakati watu walipotoka kanisani wakikimbia hapakuwa na mtaa. Jonah walimpata siku ya pili. Obiero alimpenda yule mtu, na hakuwa amelisema jambo hilo kwa yeyote, maana wanaume wa kijiweni wanasema kila kitu isipokuwa hilo.

— Pole, Mama Maxine, alisema. Ningeaga.

Hapo ndipo mgeni alipofika. Alikuwa kijana mrefu, amevaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa, lakini usoni alikuwa na ndevu za mtu aliyelala porini. Alitembea haraka, akitazama kulia na kushoto kama aliyepoteza mbuzi.

— Hamjambo wazee. Hamjambo mama.

— Hatujambo. Karibu, alisema Gekara, akamtazama vizuri. Wewe ni mtu wa nyumbani Kisii. Bwakire.

— Bwakire, mzee. Naitwa Mokaya. Naendesha lori ya majani ya chai huko Sotik. Tafadhali, kinyozi hapa iko wapi? Nimepita barabara yote.

— Una haraka ya nini, kijana? aliuliza Kipngetich.

— Leo ni koito yangu, mzee, siku ya mahari. Huko Kimulot. Baba zangu wadogo wametangulia, wako kwa boma ya wakwe, wameshakaa. Mimi nilifanya kazi mpaka leo asubuhi, nikapata suti, sikupata wembe. Mjomba amenipigia simu, ameniambia kama naingia na hii ndevu niseme kabisa mimi ni mkimbizi.

— Msichana ni nani?

— Chepkurui.

Kipngetich aliketi wima. Katika mambo yote ya dunia hii, yapo mawili tu ambayo yeye hayafanyii mzaha, bonasi ya chai na mazungumzo ya mahari.

— Huwezi kuingia kwa wazee namna hiyo, alisema. Mimi ningekuwa baba ya msichana, ningekurudisha kwa mlango. Obiero, mnyoe huyu mtu.

— Wapi? Turubai inavuja, na betri imekwisha tangu juzi.

Mokaya aliangalia turubai lililolegea kando ya barabara. Kisha akageuka, akaangalia ng'ambo.

— Zile pale ni nini?

— Hiyo ni Varanda, alisema Dorcus.

— Hakuna kinyozi huko?

— Iko, alisema Obiero. Mlango wa tatu. Ni yangu.

— Iko na stima?

— Iko.

— Ufunguo imepotea?

Obiero aliugusa ufunguo kifuani bila kujua.

— Haijapotea.

— Basi?

— Kuna utepe, alisema Kiplimo.

Mokaya aliangalia utepe. Akawaangalia wao, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, kama mtu anayedhani kuna desturi ya wenyeji asiyoijua.

— Nani aliufunga?

Ni swali la maneno mawili, na ukiwa unapita na gari huwezi hata kulisikia. Dorcus alifungua mdomo kwanza, kwa mazoea.

— Mimi niliubadilisha. Lakini wa kwanza niliukuta. Si ulifungwa na kamati ya mtaa?

— Kamati ni mimi mwenyekiti, alisema Kipngetich. Mimi nilijua ni kontrakta.

— Kontrakta aliniuliza mimi ni nani amefunga, alisema Gekara. Siku ile anachukua mzigo wake. Nikamwambia nafikiri ni watu wa kaunti.

— Watu wa kaunti walishuka hapa na mimi niliwabeba na pikipiki, alisema Kiplimo. Waliukuta. Waliuliza kama ni kanisa.

Wote wakamgeukia Obiero, aliyekuwa mzee wa kanisa.

— Kanisa halina utepe, alisema Obiero. Kanisa lina kengele.

— Na kuna mtu aliwaambia msipite? Mokaya aliuliza.

Mbuzi alilia mahali fulani juu ya shamba la chai. Kipngetich aliivaa kofia yake, akaivua tena. Watu hawa walikuwa wamefukuza mbuzi, wameshona kanga, wamezuia watoto wasivuke wala bodaboda isigeuzie pale, wamelinda utepe ule kama jicho, na hapakuwa na mtu chini ya mbingu aliyewatuma.

Dorcus ndiye aliyesimama.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, na ndiyo methali pekee siku hiyo iliyokaa mahali pake. Baba Aluoch, chukua begi.

— Tukate? aliuliza Kiplimo. Niko na kisu.

— Usikate! alisema Kipngetich. Mkubwa akikuja atakata nini? Tupite chini.

Basi wakapita chini. Kiplimo aliuinua utepe kwa vidole viwili, bado akiogopa waya. Mokaya aliinama na suti yake. Dorcus aliinama akiguna, akishika mgongo. Kipngetich alivua kofia kama anaingia kanisani. Gekara alipita na birika mkono mmoja na vikombe mkono mwingine, jiko akaliacha linaungua peke yake barabarani. Obiero alikuwa wa mwisho. Alipitisha begi kwanza, kisha yeye.

Mlango ulifunguka bila kelele. Ndani palinuka rangi na mbao mpya. Obiero alibonyeza swichi, taa ikawaka, na Kiplimo akapiga makofi peke yake. Kioo kikatolewa kwenye shuka, kikasimamishwa ukutani juu ya benchi jipya. Mokaya akafungwa shuka lile lile shingoni. Mashine ikachomekwa, ikanguruma, na Obiero akaushika uso wa kijana kwa kidevu, akaugeuza kwenye mwanga. Mkono wake ulikuwa unajua kazi.

Lakini jicho lake lilikwenda dirishani, pale nje ya mlango, kwenye kona ya baraza, mahali pa Jonah. Palikuwa pamefagiliwa. Hapakuwa na kigoda, wala nyundo, wala mtu wa kumwambia kwamba anamkata mteja kama anavyofyeka majani. Hapo Obiero akalijua jambo ambalo hakuwa amelijua kwenye benchi. Utepe ule ulikuwa umemfaa. Ungemzuia hata miaka kumi, naye angelalamika kila siku, na moyoni angeshukuru.

Na mvua ikaanza.

Ilianza kama zinavyoanza mvua za huko, tone moja zito kwenye mabati, kisha jingine, kisha zote. Kelele ikajaa dukani. Dorcus alikuwa barazani, akashika nguzo. Kipngetich akageuka kutazama mlima. Gekara akaacha kumimina. Wote walikuwa wanasikiliza kitu kimoja, chini ya kelele ya mabati, ile sauti ya ndani ya ardhi ambayo mtu akiisikia mara moja haitaki tena. Obiero alizima mashine.

Waliona maji yakishuka mlimani. Yalikuwa mekundu, mengi, yakakimbilia nyuma ya maduka. Yakafika kwenye ukuta wa mawe uliojengwa pale, yakageuka, yakaingia kwenye mtaro mpana, yakapita kando ya Varanda yakinguruma hadi mtoni. Juu, miche ya mianzi iliyopandwa na watu wote pamoja baada ya maporomoko iliinama kwa upepo, ikasimama. Mlima ukabaki mlima.

— Mbona umesimama? aliuliza Mokaya, nusu ya ndevu ziko na nusu hazipo.

— Nasikiliza mvua.

— Kwani huku mvua ni habari?

Dorcus ndiye aliyeanza kucheka, akishika ile nguzo, machozi yakimtoka, na haikujulikana ni machozi ya nini. Kipngetich akafuata. Gekara akamimina kahawa, ikatoka matone mawili na mashapo, birika likaisha, na hakuna aliyeondoka. Kiplimo alikuwa ameketi kwenye kona ya baraza, kwenye sakafu tupu, miguu ameinyoosha.

— Mimi ni wa pili kwa foleni, alisema Kiplimo. Mzee, wewe ni wa tatu.

— Sina nywele.

— Utasuguliwa.

Simu ya Obiero ikalia mfukoni. Alikuwa Owiti. Kelele ya mabati ilikuwa kubwa, ikabidi Obiero apaze sauti, na wote wakasikia.

— Eee, omera! Hapana, sijapanda gari! ... Kiti? Kiti mpe mwenye anakitaka! ... Ati nini? Siwezi kuongea sasa, niko na mteja, na wengine wanangoja hapa nje!

Akairudisha simu mfukoni, akawasha mashine, akamwinamisha Mokaya kichwa kidogo, akaanza upande wa pili.